Shajara ya mradi wa mbuni, Nakasongola: kutoka yai hadi siku ya 90

Mradi huu unahusu makundi mawili ya mbuni wazazi, kila kundi likiwa na dume mmoja na majike wawili, wanaofugwa ndani ya uzio wa wavu katika wilaya ya Nakasongola, kando ya barabara kuu inayotoka Kampala kwenda Gulu. Hapa Uganda mbuni wa porini wapo Karamoja, hasa katika bonde la Kidepo, lakini hatukuchukua hata yai moja kutoka huko. Wazazi wetu wote walizaliwa shambani na kununuliwa kwa vibali. Swali tunalolifuatilia ni moja. Mbuni mzima ni ndege mgumu, anayestahimili jua, kiu na malisho duni, ilhali kifaranga wake hufa kwa urahisi unaovunja moyo katika miezi mitatu ya kwanza. Tunataka kujua wetu wanakufa kwa sababu gani, mmoja mmoja, na kurekebisha kila kinachoweza kurekebishwa.

8 Januari

Mayai 14 yameingia kwenye mashine ya kutotolea leo asubuhi. Yote yalikusanywa ndani ya siku saba, kwa kuwa jike hutaga takriban kila baada ya siku mbili, na muda wote yalihifadhiwa katika chumba chenye ubaridi, yakigeuzwa kila siku. Kila yai limepimwa na uzito wake kuandikwa kwa penseli kwenye ganda. Jepesi lina gramu 1,280 na zito lina gramu 1,510.

Joto la mashine ni nyuzi 36.3, na unyevu unasoma asilimia 22 bila sisi kuweka maji yoyote kwenye trei. Mgeni aliyezoea mayai ya kuku aliuliza kwa nini trei ni kavu. Ganda la yai la mbuni lina unene wa karibu milimita mbili, na kwa siku 39 maji hayana budi kutoka polepole kupitia vitundu vyake hadi yai lipungue kwa asilimia 13 hadi 15 ya uzito wake wa mwanzo. Yai la gramu 1,400 linapaswa kufika karibu gramu 1,200 ndipo kifaranga apate nafasi ya hewa ya kutosha kuvuta pumzi yake ya kwanza. Mwezi huu wa kiangazi hewa ya Nakasongola ni kavu, na ikipashwa joto ndani ya mashine inakuwa kavu zaidi, kwa hiyo kuongeza maji kungekuwa kosa.

22 Januari

Tumemulika mayai yote gizani kwa tochi yenye nguvu. Yai lenye uhai linaonyesha kivuli kinachotanuka upande mmoja, na ukitulia unaona kivuli hicho kikitikisika. Mayai 11 yana uhai, matatu ni maji matupu. Matatu hayo yote yametoka kundi la pili, na dume wa kundi hilo bado hana ile rangi nyekundu kwenye mdomo na kwenye muundi ambayo dume aliye tayari kwa uzazi huwa nayo. Tutampunguzia chakula cha nafaka, kwa sababu amenenepa kupita kiasi.

3 Februari

Umeme ulikatika usiku kwa saa tatu na jenereta ikakataa kuwaka. Joto la mashine lilishuka hadi nyuzi 31. Tulifunga milango yote, tukafunika mashine kwa mablanketi na kusubiri. Sina hofu kubwa. Porini dume hulalia mayai usiku na jike huyalalia mchana, na katika kupokezana huko mayai hupoa kidogo bila madhara. Kinachoua haraka ni joto kuzidi, wala si kupungua kwa muda mfupi.

16 Februari

Siku ya 39. Mayai yamehamishiwa kwenye kisanduku cha kuangulia, ambako hayageuzwi tena. Wastani wa kupungua uzito ni asilimia 14. Yai moja limekufa njiani, yamebaki 10.

21 Februari

Vifaranga wanane wameanguliwa kati ya tarehe 18 na 20. Wawili walifia ndani ya ganda, na mmoja kati yao alikuwa amegeuka, miguu ikiwa juu kwenye nafasi ya hewa mahali panapopaswa kuwa na kichwa. Wanane walio hai wamepakwa aidini kitovuni, wamefungwa pete zenye namba 1 hadi 8, na uzito wao ni kati ya gramu 790 na 930.

Naandika hapa kwa ajili ya wenzangu watakaopokea zamu: katika siku tano au sita zijazo uzito wa vifaranga utashuka, na jambo hilo lisimtishe mtu hata akaanza kuwalisha kwa nguvu. Kifaranga wa mbuni huanguliwa akiwa na kiini cha yai ndani ya tumbo lake, akiba kubwa inayoweza kufika robo ya uzito wake, naye hukila hicho kwanza. Kupungua huko ni dalili kwamba kiini kinatumika. Anayepaswa kututisha ni kifaranga ambaye uzito wake haupungui, tumbo limejaa na kitovu kimelowa.

26 Februari

Namba 3 amekufa. Tangu juzi alikuwa akisimama peke yake chini ya taa, mabawa yamelegea. Nilipompasua, kiini kilikuwa bado na ukubwa wa yai la kuku, rangi yake imegeuka kuwa ya kijani na harufu yake ni ya uozo. Bakteria wameingia kupitia kitovu. Nimekagua kisanduku cha kuangulia na kukuta mkeka wa chini ulikuwa haukuoshwa kwa dawa tangu majaribio ya Desemba. Kosa hili ni letu, na kuanzia leo mkeka utachemshwa kila baada ya uanguaji.

18 Machi

Mvua zimeanza. Vifaranga hawakutoka nje kwa siku nne mfululizo, kwa sababu uwanja ulikuwa tope na tuliogopa baridi.

20 Machi

Namba 5 na namba 8 wamekufa ndani ya saa 30. Nitaeleza uchunguzi wa namba 5 kwa urefu, kwa kuwa umenifundisha zaidi ya kitabu chochote.

Siku mbili kabla ya kufa alikuwa akidonoadonoa chakula bila kumeza, na choo chake kilikuwa vipira vidogo vigumu kama vya mbuzi. Mbuni hana mfuko wa chakula kooni kama alio nao kuku. Chakula hushuka moja kwa moja hadi tumbo la tezi, ambalo ni pana na laini, ndipo kipite katika mlango mwembamba kuingia kwenye firigisi yenye kokoto za kusagia. Nilipolifungua tumbo la tezi la namba 5 nilikuta kitu kigumu kinacholingana na ngumi ya mtoto. Nilikilowesha na kukifumua kwa koleo kwenye sahani nyeupe: nyasi kavu ndefu za matandiko zilizosokotana kama kamba, mchanga, na nyuzi nyeupe za plastiki kutoka kwenye gunia ambalo mtu alilitandika mlangoni ili watu wafute viatu. Firigisi ilikuwa na vijiwe vitatu tu. Utumbo ulikuwa mtupu kabisa, umeng'aa kama utepe. Kifaranga huyu alikufa kwa njaa huku tumbo limejaa.

Namba 8 alikuwa vivyo hivyo, bila plastiki.

Sababu yake naiona hivi. Kifaranga wa mbuni hudonoa kila kitu anapokuwa na wasiwasi au anapokosa la kufanya, na siku nne za kufungiwa zilimpa yote mawili. Tumeondoa nyasi zote kwenye banda na kuweka mikeka ya mpira yenye mikwaruzo, isiyoteleza. Majani yote, yawe ya lusina au ya sukuma wiki, yatakatwa vipande visivyozidi urefu wa ukucha. Kokoto safi ndogo zitawekwa kwenye kisahani, kwa kiasi. Magunia hayaingii bandani tena kwa sababu yoyote.

27 Machi

Namba 2 ana mguu wa kulia uliosokoteka. Muundi umezunguka kwa nje, kiasi kwamba vidole vinatazama pembeni anapokwenda. Mbuni ana vidole viwili tu kila mguu, na kimoja kikubwa ndicho kinachobeba karibu uzito wote, kwa hiyo mguu ukishazunguka hana njia ya kufidia. Nimejaribu kuufunga, ingawa najua kwamba mara nyingi mguu haurudi sawa.

Mlinzi wetu ni mzee kutoka Karamoja aliyekulia kati ya ng'ombe na mbuni wa porini, ambako manyoya yao yalikuwa pambo la kichwa la wanaume. Jioni alikuja kumtazama kifaranga, akachuchumaa kimya kwa muda mrefu.

"Daktari, hawa watoto mnawalisha vizuri sana," akasema.

"Kwani kuna ubaya, Mzee?"

"Kule kwetu sijamwona mtoto wa mbuni amekaa kitako. Baba yao huondoka nao alfajiri. Wanakula kidogo, wanatembea, wanakula kidogo, wanatembea."

Maneno yake yanakwenda sambamba na fiziolojia ya ndege huyu. Ndege anayeruka amebeba misuli yake mikubwa kifuani, imeshikamana na mfupa wa kidari wenye mkuku kama wa jahazi. Mbuni, emu, rea, kasuari na kiwi, ndege wasioruka, wana kidari bapa kisicho na mkuku, na nguvu zao zote zimehamia mapajani. Kifaranga wa mbuni anaweza kurefuka karibu sentimita 30 kwa mwezi, na mfupa wa mguu unaorefuka kwa kasi hiyo chini ya mwili unaonenepa haraka, bila mazoezi, hupinda kabla haujakomaa. Tumekuwa tukiwapa chakula chenye protini nyingi muda wote na nafasi ya mita chache za mraba. Kuanzia kesho chakula kitawekwa na kuondolewa, na vifaranga watatembezwa nje asubuhi na jioni, mvua isiponyesha. Mzee amejitolea kuwa ndiye atakayewatembeza.

2 Aprili

Namba 2 hawezi kusimama. Nimemaliza mateso yake kwa sindano.

9 Aprili

Siku mbaya kuliko zote. Namba 1 na namba 6 walikutwa asubuhi wamelala kifudifudi, shingo zimenyooka sakafuni, macho yako wazi na wanatambua mtu, lakini miguu haina nguvu hata ya kusukuma. Namba 4 na 7 walikuwa wakiyumba. Hapakuwa na homa, wala kuhara. Namba 1 alikufa saa nne asubuhi na namba 6 adhuhuri, na misuli ya mapaja ilikuwa na michirizi iliyopauka kama nyama iliyochemshwa nusu.

Nilirudi kwenye chakula. Tarehe 6 tulikuwa tumefungua gunia jipya la chakula cha vifaranga wa kuku lililonunuliwa kwa muuzaji mmoja baada ya mchanganyiko wetu wa kawaida kuisha. Nilimpigia simu, akasoma karatasi ya kiwandani: ndani yake mlikuwa na monensini, dawa ambayo huchanganywa katika chakula cha kuku ili kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo. Kuku huivumilia. Farasi na mbuni huuawa nayo, kwa kuwa huvuruga chumvi ndani ya seli za misuli, moyo ukiwemo. Hakuna dawa ya kuiondoa. Tumeondoa chakula, tukawapa namba 4 na 7 maji safi, majani na vitamini E, na kuwaacha watulie bila kushikwashikwa.

Nimebandika mlangoni mwa stoo tangazo kwa herufi kubwa kwamba chakula cha kuku hakiingii kwa mbuni, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Naona uchungu kwamba ndege wawili waliokuwa wamevuka wiki saba walikufa kwa sababu nilisoma jina la gunia nikaacha kusoma vilivyomo.

17 Aprili

Namba 4 na 7 wanatembea sawasawa.

30 Mei

Mayai sita tuliyoyaweka katikati ya Aprili, mvua ikiwa imekolea, yamefika mwisho. Manne yalikuwa na uhai, na hakuna hata kifaranga mmoja aliyepona. Unyevu ndani ya mashine haukushuka chini ya asilimia 35 ingawa trei ilikuwa kavu, na mayai yalipungua kwa asilimia 8 au 9 peke yake. Watatu walifia ndani ya ganda wakiwa wamevimba, ngozi ya shingo imejaa maji kama sponji. Wa nne nilimsaidia kutoka, akaishi siku moja.

Uamuzi wangu ni kwamba hatutatotoa tena katika masika hadi tuwe na mashine ya kukausha hewa ya chumba. Mayai ya Aprili yatauzwa kwa kuliwa. Wapo watakaosema tunapoteza mbegu, lakini yai linalotoa kifaranga aliyejaa maji limekwisha kupotea.

10 Juni

Kundi jipya la mayai 13 limeingia. Hewa ni kavu, unyevu wa mashine ni asilimia 24.

2 Julai

Kazi ya leo ilikuwa kupe wa wazazi. Mbuni mzima hukamatwa kwa kumvika soksi nyeusi kichwani, kwani akikosa kuona hutulia, na anayemkamata husimama ubavuni au nyuma yake, kamwe si mbele, kwa maana teke la mbuni huenda mbele na chini, na ukucha wake unaweza kumpasua mtu tumbo. Tuliwapata kupe kwenye ngozi laini ya mapaja na kuzunguka tundu la haja, wengi wao wakiwa wale wenye miguu ya pete nyeupe na kahawia.

Kupe hao ndio wanaobeba kirusi cha homa ya kutoka damu ya Krimea na Kongo. Wilaya jirani ya Nakaseke ilipata mgonjwa wa homa hiyo mwaka 2017, na huko Afrika Kusini mwaka 1996 watu 17 waliugua baada ya kazi ya machinjio ya mbuni mjini Oudtshoorn. Ndege mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote, kwa hiyo kumtazama kwa macho hakusaidii. Tumeweka sharti kwamba mbuni hatachinjwa kabla ya kukaa siku 14 bila kupe katika boma lililofyekwa, na kwamba anayetoa kupe avae glavu na asiwapasue kwa vidole. Kijana mmoja wa shamba alikuwa na mazoea ya kuwapasua kwa kucha. Tumezungumza naye kwa upole na ameelewa.

Wazazi pia wamechanjwa dhidi ya kideri. Kuhusu mafua makali ya ndege, ambayo mwaka 2017 yalipatikana kwa ndege wa porini kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ulinzi wetu ni kufunika mabirika ili bata wa porini wasinywe humo.

24 Julai

Mayai 11 yalikuwa na uhai, vifaranga tisa wameanguliwa, namba 10 hadi 18. Mkeka ulichemshwa, vitovu vyote vimekauka ndani ya siku mbili.

1 Agosti

Namba 12 amekufa, kiini hakikunyonywa. Waliobaki wanane wameanza kupanda uzito.

19 Agosti

Ratiba ya siku sasa ni hii: vifaranga hutoka jua linapopasha ardhi, hutembea na Mzee hadi kwenye mti wa mwisho wa uzio na kurudi, hula majani yaliyokatwa na chakula cha kupimwa, hupumzika kivulini, na jioni hurudia safari hiyo. Mzee huwapigia mluzi mfupi nao humfuata kwa mstari.

Tumewapa pia kinyesi kibichi kidogo cha dume wa kundi la kwanza, baada ya kukipima kwa darubini na kutoona mayai ya minyoo. Wageni hushangaa, lakini vifaranga wenyewe hukila kwa hamu, na hivyo ndivyo wanavyopata vijidudu vya kuchachusha nyasi. Mbuni humeng'enya majani kwa uchachushaji katika utumbo mpana ulio mrefu kupita kawaida kwa ndege, na kifaranga huzaliwa bila vijidudu hivyo.

Mlezi wa vifaranga amejifunza kusoma sakafu vizuri kuliko mimi. Mbuni, tofauti na ndege wengine, hutoa mkojo kwanza na choo baadaye, kwa hiyo vitu viwili vinaweza kukaguliwa mbalimbali. Leo asubuhi aliniita: "Daktari, huyu 16 amekojoa kijani." Mkojo wa kijani hutokea ndege asipokula. Tulimtenga, tukampapasa upande wa kushoto wa tumbo, tukahisi ugumu kiasi. Tumempa mafuta taratibu kwa mrija na kumtembeza zaidi.

21 Agosti

Namba 16 ametoa choo kingi, na ndani yake mlikuwa na kipande cha uzi wa bluu. Anakula. Uzi huo umetoka kwenye sketi ya mtu, na hilo haliwezi kuzuiwa kwa kanuni; lililomwokoa ni kwamba alionekana mapema.

20 Oktoba

Siku ya 90 kwa vifaranga wa Julai. Wote wanane wako hai, na miguu ya saba imenyooka. Mzito ni namba 10, kilo 24, na mwepesi ni namba 16, kilo 17. Mvua za vuli zinanyesha, lakini sasa tuna kibanda kirefu chenye paa na kuta za wavu, ambamo wanaweza kutembea mita 40 bila kulowa.

Namba 14 ana kidole kikubwa cha kushoto kinachojikunja kuelekea ndani. Tumekifunga kwa kigango chepesi cha mti na plasta, tukipima pembe yake kwa kipimapembe kila baada ya siku tatu. Ijumaa ilikuwa nyuzi 25, leo ni 18. Mzee anamtembeza peke yake, polepole, nyuma ya wenzake. Kipimo kinachofuata ni Alhamisi.